Mashine Kuukuu na Mtu wa Tatu

Mwombe mama yeyote anayeuza omena ufuoni Sori, hapa Karungu, akuonyeshe gorogoro yake, lile kopo la kupimia. Akikupa, usiitazame mdomoni. Igeuze, uangalie kitako. Gorogoro ya muuzaji mwaminifu ina kitako bapa. Ile ya mjanja imebonyezwa kwa ndani, na hata omena wakijazwa mpaka wafanye kilima juu, wewe umeshapunjwa konzi nzima kule chini usikokuona.

Nimeanza na gorogoro, wanangu, kwa sababu leo nawasimulia jinsi mtu anavyotoa mashine kuukuu ya gemu, akaongeza pesa juu yake, akarudi nyumbani na iliyo mpya zaidi. Najua wengi wenu mnajua pedi ya gemu kuliko gorogoro. Ngojeni kidogo. Aliyemfundisha kijana wa hadithi hii biashara ya PlayStation alikuwa nyanya ambaye hajawahi kushika pedi maishani mwake.

Kijana mwenyewe msimtafute kwa jina. Nimemshona kwa vipande vya vijana wengi wa Karungu, wa huku Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako usiku usio na mbalamwezi ziwa hugeuka mji wa taa. Ndizo taa za wavuvi wa omena. Mwezi ukiwa mpevu omena hawaifuati taa, mashua nyingi hulala ufuoni, na mabaharia huwa na jioni nzima ya kupoteza. Baadhi yao huipotezea kwenye kibanda cha gemu.

Kijana wetu na dada yake mdogo walikuwa na kibanda kama hicho: mabati manne, benchi moja, televisheni ya kichogo, na PlayStation 2 waliyoachiwa na baba yao mdogo alipokwenda kutafuta kazi Nairobi. Mchezo mmoja, shilingi 10. Ubavuni mashine ilikuwa na alama ya kuungua, mviringo mweusi kama jicho, kwa sababu siku moja mtu aliiegemeza kwenye taa ya karabai. Sarafu zilikuwa zikidondoka kwenye mkebe wa majani ya chai. Kisha zikaanza kupungua.

Ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa kibanda kingine chenye PlayStation 4. Jioni moja baharia mmoja akasimama mlangoni kwa kijana wetu, akachungulia televisheni, akacheka.

"Omera, kwenu bado Wanyama yuko Southampton?"

Hakuwa anatania. FIFA 14 ndiyo gemu ya soka ya FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa ajili ya PlayStation 2, nayo ilitoka 2013. Ndani ya mashine ile saa ilikuwa imesimama mwaka huo. Victor Wanyama, mwanasoka wetu wa Kenya, ndiyo kwanza amehama Celtic, na hatafika Tottenham kamwe hata ukicheza usiku kucha.

Jueni kwamba mashine hiyo ilikuwa na enzi yake. Kampuni ya Sony ya Japani iliitoa Machi 2000, na zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Hakuna mashine ya gemu iliyokuwa imewahi kuuzwa kwa wingi huo. Ilifuatwa na PlayStation 3 mwaka 2006, ya nne ikatoka 2013, ya tano 2020. Mwanzoni mwa 2013 Sony ikathibitisha kwamba imeacha kuitengeneza ile ya pili. Lakini mashine haifi siku kiwanda kinapofunga mlango. Inateremka ngazi tu: kutoka sebule ya Ulaya hadi duka la mitumba, kutoka duka hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi mabati manne ya Sori.

"Tuibadilishe," kijana akasema. "Kuna duka Migori linachukua ya zamani, unaongeza pesa, unapewa PlayStation 4 iliyotumika."

Dani, yaani nyanya yao, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua omena, akainua kichwa.

"Nyakwara, huyo mwenye duka anaitaka ya nini hiyo ya zamani? Anacheza?"

"Hachezi, Dani. Atamuuzia mtu mwingine."

"Basi wewe huuzi kwa mwenye duka. Unamuuzia huyo mtu mwingine, ila humwoni uso. Mjue kwanza yeye, ndipo utajua bei."

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi yangu, kwa hiyo nitasimama kidogo. Anayeuza kitu alichokitumia hukumbuka bei aliyokinunulia. Hukumbuka pia siku kilipoingia nyumbani na mabao aliyofunga. Hayo yote hayamo kwenye mizani ya mnunuzi. Mwenye duka anamtazama mtu wa tatu, ambaye bado hajaingia dukani, na anajiuliza atatoa shilingi ngapi. Kutoka kwenye hizo hukata pesa za lenzi mpya, za feni, za kodi ya duka, za miezi ambayo mashine itakaa rafuni ikila vumbi, kisha faida yake. Kinachobaki ndicho anachokupa. Si lazima awe mwizi. Lakini anaweza kuwa.

Biashara hii ina historia ndefu kuliko vibanda vyetu. Huko Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1988, mtu anayeitwa David Pomije aligundua kwamba nyumba zilikuwa zimejaa gemu za Nintendo ambazo watoto walikuwa wamezichoka, huku watoto wa mtaa wa pili wakizililia. Akaanza kuzinunua na kuziuza tena, akichapisha orodha za bei: gemu hii nanunua kwa kiasi hiki, nauza kwa kiasi kile. Biashara hiyo ikakua ikawa maduka ya FuncoLand, ambayo yalinunuliwa mwaka 2000 na hatimaye yakaingia katika kampuni ya GameStop. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya faida ya GameStop ilitoka kwenye gemu zilizotumika, zaidi hata ya mpya. Pomije alikuwa amemwona mtu wa tatu kabla ya wengine.

Na wazee wa huku hawakumngoja Pomije awafundishe. Wajaluo wa kando ya ziwa walibadilishana bidhaa na Wakisii wa milimani tangu zamani: mifugo, samaki na vyungu vikipanda, nafaka na majembe ya chuma vikishuka. Aliyepeleka samaki mlimani alijua kwamba kule hakuna ziwa. Aliyeleta nafaka alijua mvua ilikuwa imewanyima wa pwani ya ziwa. Kila mmoja alipiga bei kwa njaa ya watu walioachwa nyumbani, ambao hawakuwapo sokoni.

Basi turudi kwa vijana wetu. Jumamosi wakapanda matatu hadi Migori, wao na Dani yao, mashine ikiwa imefungwa kwa leso ndani ya mkoba. Mlangoni mwa duka Dani akamshika kijana bega.

"Wewe baki hapa nje na mkoba. Dada yako aingie peke yake, mikono mitupu, aulize mashine mpya ni bei gani kwa pesa taslimu. Atoke. Halafu ndipo uingie na ya zamani."

Dada akaingia, akatoka. "Elfu ishirini na moja."

Kijana akaingia na mkoba. Mwenye duka akaigeuza mashine, akapapasa lile jicho jeusi, akaiwasha, akahesabu pedi mbili, memori kadi na diski tisa, kisha akatabasamu kwa ukarimu.

"Kwa hii nakupa elfu tano, kijana wangu. Mpya ni elfu ishirini na nne. Niongezee elfu kumi na tisa tu."

Kijana alitoka mbio, meno yote nje. "Dani, ametupa elfu tano!"

Dani akamgeukia dada mtu. "Wewe uliambiwa ngapi?"

"Elfu ishirini na moja."

Pigeni hesabu hiyo wenyewe kabla sijaendelea. Mwenye pesa taslimu anatoa 21,000 na kuondoka na mashine. Mwenye mashine kuukuu anatoa 19,000, na ile kuukuu juu yake. Kwa hiyo mashine kuukuu imempunguzia shilingi 2,000 peke yake. Zile 5,000 zilikuwa maneno matupu: mwenye duka alipandisha bei ya mpya kwa 3,000, akazirudisha kwa mkono mwingine kama zawadi.

"Gorogoro imebonyezwa kitako," Dani akasema, akajifunga leso vizuri. "Twende zetu. Nyathina," akamwambia mwenye duka kwa upole, "asante, tutarudi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na ukilishika hili moja nitakuwa nimelipwa: uliza bei ya kitu kipya kabla hujatoa cha zamani mkobani. Bei mbili zikichanganywa, ya kuuza na ya kununua, macho yako yatafuata ile inayokufurahisha, na mwenzako atakula kwenye nyingine. Zitenganishe. Ni vivyo hivyo kwa simu, baiskeli na injini ya mashua.

Njiani kurudi kijana alikuwa kimya. Dada yake ndiye aliyefikiri.

"Dani, huyo mtu wa tatu anaishi wapi?"

"Swali zuri. Ni nani leo angefurahia mashine ambayo Wanyama bado yuko Southampton?"

Si mtu wa Migori mjini, wakaona. Ni mtu wa ufuo ambako hakuna kibanda hata kimoja, ambako ng'ambo ya barabara hakuna wa kumcheka. Wakauliza kwa mabaharia, ambao hufahamu kila ufuo. Haikupita wiki mbili, mzee mmoja wa Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania, akatuma salamu kwamba anatafuta mashine ya kumwanzishia mwanawe kibanda. Akaja, akaijaribu, akacheza dakika 20, akatoa shilingi 3,500 kwa M-Pesa.

Ikiwa 2,000 za dukani zimegeuka 3,500, je, kuuza mwenyewe ni bora siku zote? La. Ile 1,500 ya ziada ni ujira wao wa wiki mbili za kuulizia. Duka lingewalipa siku hiyo hiyo, na mashine ikizima kesho yake haiwahusu tena. Mwenye haraka humwachia mwenye duka faida kwa haki. Anayeweza kungoja humtafuta mtu wa tatu mwenyewe. Ila ukikutana na mgeni kwa biashara kama hii, ifanyie mahali penye watu, ukiwa na mtu mzima, na usikabidhi mashine mpaka pesa zionekane kwenye salio la simu. Ujumbe peke yake hautoshi, maana matapeli hutunga ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli.

Mzee yule naye alifanya jambo la hekima: aliomba karatasi. Kijana akaandika tarehe, bei, na nambari iliyochapwa mgongoni mwa mashine, baba yake akatia sahihi. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa sheria ya Kenya, na kipande hicho cha daftari humlinda muuzaji na mnunuzi. Ukiuziwa PlayStation kwa bei ya kutupa na mtu asiyetaka kuandika lolote, iache.

Sasa, mnaweza kudhani kitu kikuukuu kikikosa mtu wa tatu kimekuwa takataka. Karungu ndiyo mahali pa mwisho pa kuamini hivyo. Kwenye makorongo ya huku, mbuzi walikuwa wakikanyaga mawe ya ajabu yenye umbo la mifupa na meno. Mwaka 1911 Felix Oswald alitumwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza kuja Karungu kuyatafuta. Yalikuwa mabaki ya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita, akiwemo Prodeinotherium, jamaa wa tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Kwa mchungaji lilikuwa jiwe, kwa mtaalamu ni ukurasa wa historia ya dunia. Siku hizi mabaki hayo yanalindwa na sheria na hayauzwi. Ukiyaona, yaache palepale na utoe taarifa. Si kila kikuukuu ni cha biashara.

Hata mashine iliyokufa kabisa ina mtu wake. Ndani yake kuna bodi ya kijani, na kwenye bodi hiyo mna shaba, fedha na dhahabu kidogo. Nyinyi mnaijua dhahabu: mmewaona wachimbaji wa Macalder na Osiri wakisaga mawe na kuinasa kwa zebaki. Tani moja ya bodi za namna hiyo huwa na dhahabu mara nyingi zaidi ya tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida. Lakini msidanganyike mkachoma mashine nyuma ya nyumba. Moshi wa plastiki na risasi iliyomo ni sumu, kama zebaki ilivyo sumu kwa wachimbaji wetu, na mvua huibeba sumu hiyo hadi ziwani tunakokunywa maji. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni chini ya robo tu iliyojulikana kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za aina hiyo. Huku kwetu, mpe fundi kwanza: lenzi ya mashine moja huponya nyingine.

Kuna kitu kimoja tu katika ulimwengu wa gemu ambacho hakina mtu wa tatu kabisa, nacho ni gemu iliyonunuliwa kwa intaneti. Diski unaweza kumuuzia jirani. Gemu uliyoipakua imefungwa kwenye akaunti yako, huwezi kuiuza wala kuirithisha kwa urahisi. Ndiyo maana PlayStation 5 ile ya kwanza isiyo na tundu la diski, ingawa ilitoka kwa bei nafuu kidogo, inakuondolea haki ya kwenda sokoni. Kabla ya kununua chochote, jiulize siku ya kukichoka utamwachia nani.

Vijana wetu wakarudi Migori na shilingi 21,000 kamili: 3,500 za mzee wa Muhuru, na 17,500 zilizotoka kwenye mkebe wa chai pamoja na nyongeza ya baba mdogo. Mwenye duka akawakumbuka, akacheka, akatoa mashine. Safari hii dada ndiye aliyeikagua. Akaiwasha, akaweka diski, akacheza nusu saa nzima. Akasikiliza feni isingurume kama matatu inayopanda mlima, maana huku ziwani vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama mawingu hupenya kila tundu, na mende hupenda joto la mashine kuliko jiko. Akaachia pedi mezani kuona kama mchezaji atatembea mwenyewe. Pedi mbovu huwa hivyo. Akahakikisha akaunti ya mwenye mashine wa kwanza imefutwa. Akaomba risiti. Akauliza pia kama diski zake za zamani zingefanya kazi, akaambiwa hapana, PlayStation 4 haizisomi. Kwa bahati walikuwa wameshaziuza pamoja na mashine.

Katika kuuza huko kijana alisahau jambo moja. Memori kadi ilikwenda Muhuru na msimu wake wote ndani: timu aliyoijenga miaka miwili, ligi hatua kwa hatua. Kwa PlayStation 2 hasara ni ya moyo tu. Lakini mashine mpya na simu hubeba barua pepe, picha, hata nambari za kulipia. Ukiuza moja ya hizo, toa akaunti yako kwanza, kisha irudishe ilivyotoka kiwandani. Usimpelekee mtu wa tatu maisha yako pamoja na mashine.

Mwezi wa Desemba familia ikaenda Muhuru kwenye mazishi ya jamaa. Alasiri kijana akatembea hadi ufuoni, akasikia kelele anazozijua. Mabati manne, benchi moja. Akachungulia. Ubavuni mwa mashine, jicho jeusi likamtazama.

Akatoa shilingi 10 mfukoni, akaketi. Mtoto wa miaka kama tisa akampa pedi. Kijana akafungua memori kadi, vidole vikienda vyenyewe, na timu yake ikatokea, jina lile lile alilolibuni. Ila kwenye jedwali ilikuwa ya kwanza. Yeye aliiacha ya kumi na moja.

"Hii ni timu yangu," akasema polepole.

"Ni yangu," mtoto akajibu. "Niliikuta humu imelala. Mimi ndiye niliyenunua beki wawili."

Kijana akatazama beki wale. Walikuwa wazuri. Wakacheza, akafungwa mawili kwa moja, akasimama kuondoka. Mtoto akamshika shati.

"Kaka, nasikia kwenu mna ya nne. Mkiichoka, msimwambie mtu mwingine kabla yangu."